Nje ya Dirisha la Ghorofa ya Tano

Watu wa mjengo walimwita Gongagonga, na jina hilo alikuwa amelipata kwa jasho lake. Kila bomba la chuma lililopita mikononi mwake alilipiga spana mara mbili, katikati kisha karibu na mwisho, huku ameinamisha kichwa kusikiliza. Bomba zima hulia. Bomba lililoliwa na kutu kwa ndani hutoa sauti butu, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Alikuwa na uwezo wa kukaa nusu ya asubuhi akigonga mabomba huku wenzake wakimcheka na kumuuliza kama wenyewe wamo nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kujenga majukwaa, yale ya mabomba na mbao yanayozungushwa jengo ili mafundi wapate mahali pa kusimama. Aliianza akiwa mbeba mabomba, akapanda kuwa mfungaji wa klampu, vile vibanio vya chuma vinavyounganisha mabomba, na mwaka wa kumi na nne akapelekwa kozi akarudi na cheti kilichompa haki moja ambayo mbeba mabomba hana: haki ya kusaini kadi. Pale ngazi ya jukwaa inapoanzia hufungwa mfuko wa plastiki, na ndani yake kadi. Upande mmoja ni kijani, panda. Upande wa pili ni nyekundu, usiguse. Kila asubuhi mkaguzi hupanda hadi juu kabisa, akashika kila kitu kwa mkono wake, akashuka, akaandika tarehe na kusaini. Upepo mkali ukipita, anapanda upya. Mtu akiongeza au akitoa hata bomba moja, anapanda upya. Ni hivyo tu. Gongagonga alipenda kusema kwamba kazi yake inataka magoti mazima na ukaidi.

Magoti yalikuwa mazima. Mgongo ndio uliomtupa. Kwenye mjengo mmoja wa zamani alibeba mzigo wa watu wawili, kitu kikakatika kiunoni, na akalala kitandani miezi minane. Kazi ikaenda, nyumba waliyopanga ikaenda. Ndipo mume wa dada yake alipokuja siku moja na pikapu bila kuitwa, akapakia kitanda, masufuria, mkewe Gongagonga na mabinti zake wawili, na mgonjwa mwenyewe akamweka mbele kwenye kiti chenye mto. Aliwapeleka kwenye vyumba viwili vilivyokuwa uani kwake.

"Hapa ni kwenu, shemeji," alisema. "Mgonjwa haulizwi atakaa hadi lini."

Na hakuuliza. Gongagonga alipopata nafuu, shemeji yake, ambaye alikuwa msimamizi wa jengo la ghorofa sita lililokuwa likimaliziwa, alimchukua akawa mkaguzi wa majukwaa. Asubuhi walitoka lango moja, jioni wakarudi lango lilelile. Watoto wa nyumba zote mbili walikula kwenye sinia moja. Katika miaka miwili ile shemeji hakuwahi hata siku moja kumkumbusha wema wake, na hapo ndipo Gongagonga aliponaswa. Angekuwa mtu wa masimango, wangegombana, na mtu aliyegombana anaweza kusema hapana. Lakini mtu asiyekudai neno, unamkatalia vipi?

Ilianza kwa vitu vidogo. Siku moja aligeuza kadi ikawa nyekundu kwa sababu ubao wa pembeni ulikosekana, ule unaozuia nyundo na matofali yasimwangukie mtu wa chini. Shemeji akaja, akasimama karibu naye, akasema kwa sauti ya chini, "Ubao mmoja, shemeji. Mafundi kumi wamekaa." Gongagonga akaigeuza kadi. Wiki nyingine ilikuwa reli ya mkono kwenye kona. Wiki nyingine ngazi iliyofungwa kwa kamba badala ya klampu. Kila mara alijiambia kesho nitakaza, na jioni alipokuwa akinawa mikono uani alimsikia dada yake akicheka na mkewe jikoni, na kesho hiyo akaiacha ipite.

Kisha zikaja habari za wageni. Mwenye jengo alikuwa analeta watu Alhamisi kulitazama, na alitaka likae kama bibi harusi. Shemeji akahangaika. Jumapili, Gongagonga akiwa nyumbani, upande wa mbele wa jukwaa ulifunikwa wote kwa wavu wa kijani kutoka juu hadi chini, ili uchafu usionekane barabarani. Na kwa kuwa lipu ya nje ilikuwa na mashimo kila mahali ambapo vishikizo viliingia ukutani, mafundi lipu waliambiwa waving'oe, wazibe, wasawazishe. Vishikizo ni vile vipande vya bomba vinavyolifunga jukwaa kwenye jengo. Bila hivyo, jukwaa la ghorofa sita ni uzio mrefu uliosimamishwa barazani, nao huamua wenyewe lini unataka kulala.

Gongagonga hakuambiwa lolote. Jumatatu na Jumanne mbele hapakuwa na kazi, watu wote, yeye akiwemo, waliingilia lango la nyuma na kufanya kazi nyuma ya jengo. Jumatano saa moja na nusu asubuhi alimkuta shemeji chini ya ngazi ya mbele, kadi mkononi, tarehe imeshaandikwa. Ilibaki saini tu.

"Wavu umefungwa lini?" aliuliza Gongagonga.

"Jumapili. Si umependeza?"

"Shemeji, ukifunga wavu jukwaa linashika upepo kama tanga. Vishikizo vinatakiwa viongezwe mara mbili."

"Utaongeza Ijumaa, wageni wakishaondoka. Hata mara tatu ukitaka."

"Basi acha nipande nione kwanza."

"Nimepanda mwenyewe jana jioni. Hakuna kilichoguswa." Shemeji alitazama nyuma yake, ambako mafundi lipu walikuwa wamesimama na ndoo zao, wakisikiliza bila kuonekana wanasikiliza. Akashusha sauti. "Usinifanyie hivi mbele ya watu. Leo tu. Mimi nimewahi kukuomba nini?"

Gongagonga aliinua macho. Wavu ulikuwa umeficha kila kitu. Aliipokea kadi, akaiweka juu ya paja lake, akasaini, na mkono wake ukaandika vizuri kama siku zote. Kadi ikarudi kwenye mfuko wa plastiki, kijani kikitazama nje, na mafundi wakaanza kupanda.

Alikwenda stoo akaanza kuhesabu klampu. Akapoteza hesabu. Akaanza tena. Chai aliyoletewa ikapoa na utando ukatanda juu. Ilipofika saa nne mafundi walishuka kwenda kunywa chai, na yeye akauona huo ndio mwanya wake: atapanda upesi, atazame, ashuke kabla shemeji hajarudi kutoka kupokea vigae. Alivaa mkanda wake wa usalama wenye kulabu mbili, akapita chini ya wavu, akapanda.

Ghorofa ya kwanza vishikizo vilikuwepo. Ya pili vilikuwepo. Alianza hata kujicheka. Ya tatu, mahali palipotakiwa kuwa na kishikizo palikuwa na duara la lipu mpya, limesuguliwa laini. Alilipapasa kwa kidole, shimo lilikuwa limezibwa kabisa. Akatembea hadi mwisho wa mbao. Duara jingine. Na jingine. Akapanda ya nne, huko nako ni maduara matupu. Alijua la kufanya, na lilikuwa kushuka, polepole, bila kugusa chochote, na kugeuza kadi.

Ndipo aliposikia mtu juu yake akiongea peke yake.

"Na wewe ukingo, kaa sawa, unanichelewesha."

Alikuwa Shangazi. Fundi lipu huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa mabega, na jengo zima lilimwita hivyo kwa sababu alimsema kila mtu kama mtoto wa kaka yake. Hakushuka kunywa chai kwa sababu lipu yake ilikuwa inakauka. Gongagonga angeweza kumwita kutoka pale alipokuwa. Lakini alimjua: angeitwa, angejibu kwa kishindo, angeruka kwenye ngazi na ndoo mkononi. Akapanda kumfuata.

"Shangazi, weka mwiko chini. Tunashuka."

"Tunashuka kwenda wapi? Nimebakiza hapa..."

Upepo ukaja. Haukuwa mkali, ni ule upepo wa kawaida unaopeperusha nguo kwenye kamba. Wavu ukajaa, ukavuta, na jukwaa lote likaondoka ukutani.

Liliondoka upana wa kiganja, kisha wa viganja viwili. Kati ya mbao na ukuta ukafunguka mfereji wa mwanga, na chini kabisa ya mwanga ule Gongagonga akaona toroli, dogo kama kijiko. Klampu zikalia kutoka chini hadi juu. Kisha upepo ukaachia na jukwaa likarudi likaugonga ukuta, na kwa pigo lile ngazi waliyopandia ikachomoka mahali pake. Waliisikia ikishuka, ikigonga kila ghorofa.

Shangazi alikuwa amekaa chini, miguu mbele, mwiko bado mkononi. Hakupiga kelele. "Gonga," alisema taratibu, "hii imefanya nini?"

"Usisimame."

"Sina mpango."

Mbele yao, umbali wa mkono mmoja tu, lilikuwa dirisha la chumba cha ghorofa ya tano. Chumba kilikuwa kimekamilika: vigae vinang'aa, kuta nyeupe, mlango mpya wa mbao. Na dirishani kulikuwa na nondo nene zilizochomelewa wiki iliyopita ili wezi wasiingie. Gongagonga aliyatazama madirisha ya kushoto na ya kulia. Yote vilevile. Jengo zima lilikuwa limefungwa vizuri, na wao walikuwa upande wa nje.

Kulabu za mkanda wake alikuwa amezipachika kwenye bomba la jukwaa. Hilo ndilo lililomtisha zaidi: alikuwa amejifunga kwenye kitu chenyewe kinachoanguka. Aliichomoa kulabu moja, akajinyoosha polepole, akaipachika kwenye nondo ya dirisha. Ya pili hivyohivyo. Kisha akaichukua kamba ya kuvutia ndoo, akamzungushia Shangazi kifuani chini ya makwapa, akafunga kwenye nondo fundo aliloliamini.

"Sasa likienda," alisema, "sisi tutabaki tunaning'inia hapa."

"Umenipa moyo sana," alisema Shangazi.

Upepo ukaja tena. Safari hii walifumba macho wote wawili. Jukwaa liliondoka, likakaa huko mbali kwa muda ambao Gongagonga aliona hautaisha, likarudi. Chumvi ya jasho ilimwingia machoni. Alipiga kelele kwa walio chini: kila mtu aondoke barabarani, mtu yeyote asiguse bomba, asipande, asivute wavu. Sauti zikamjibu, kisha miguu ikasikika ikikimbia ndani ya jengo.

Wavu ndio uliokuwa ukiwaua. Alikuwa na kisu kidogo cha kukatia kamba. Alilala kifudifudi kwenye mbao na kuanza kujiburuta kuelekea upande wa nje, kadiri mkanda ulivyomruhusu. Kila alipojisogeza, mbao zilitetemeka na kengele zote za mwili wake zikalia. Mkanda ulipofika mwisho, vidole vyake vilikuwa vimebakiza kidogo kuufikia wavu.

"Nishike mguu, Shangazi."

Alichomoa kulabu moja, akabaki na moja, akajinyoosha. Mkono wa Shangazi, mkavu kwa saruji, ulimkamata kifundo cha mguu kama koleo. Akakata uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kipande cha wavu kikalegea, kikajikunja, kikaning'inia, na upepo uliofuata ukapita kwenye tundu lile ukaja kuwapiga usoni. Jukwaa likacheza, lakini kidogo. Alirudi dirishani akaipachika tena kulabu ya pili.

Walikaa wakiwa wameegemea nondo, mabega yanagusana, wakitazama ndani.

"Chumba kizuri," alisema Shangazi. "Kama ningejua nitakitamani hivi ningeomba lipu ya ndani." Akaufuta mwiko kwenye paja. "Mimi nilidhani tumeruhusiwa kung'oa. Msimamizi alituambia wewe unajua."

"Sikujua."

"Lakini kadi ilikuwa kijani. Wenzangu wanapanda bila kuangalia. Mimi huangalia. Nikiona saini yako, najua yule mkaidi kashagonga kila kitu, napanda moyo umetulia."

Gongagonga alishika nondo kwa mikono yote miwili. Kulikuwa na rangi mbichi, ikamshika vidoleni. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye na shemeji.

"Shangazi, leo sikupanda. Nilisaini nimesimama chini."

Yule mama hakugeuka kumtazama. Upepo ulikuja ukaondoka. Huko chini mtu alikuwa akipiga honi bila sababu.

"Nina watoto wanne," alisema mwishowe. Halafu baada ya muda, "Shika vizuri huko kwako."

Akaikaza mwenyewe kamba ya kifuani, akageukia ukuta.

Waliokimbilia ndani walifika upande wa pili wa mlango wa chumba na kukuta umefungwa. Vyumba vya mbele vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya wageni, na funguo zote alikuwa nazo msimamizi. Wakagonga, wakapiga mabega, mlango mpya ukakataa. Gongagonga aliusikiliza ukitingishika mita nne kutoka kwake. Ulipofunguka hatimaye, aliyeingia wa kwanza alikuwa shemeji, anahema, funguo zinacheza mkononi, na nyuma yake mchomeleaji aliyezifunga nondo zile.

"Leta grenda ya kukatia chuma!" alisema Gongagonga.

"Waya wa umeme unafika ghorofa ya tatu tu," alisema mchomeleaji. "Naleta msumeno wa chuma." Akatoka mbio.

Wengine wakamfuata, wakabaki watatu. Shemeji alipiga magoti kwenye vigae, uso wake ukawa karibu kabisa na wa Gongagonga, nondo katikati. Uso wake ulikuwa umepauka. Aliingiza mkono akamshika Gongagonga bega kwa nguvu, na hakuwa anaigiza.

"Shemeji, nisamehe. Utatoka. Tutakutoa sasa hivi." Akamtupia jicho Shangazi, akasogea karibu zaidi, akanong'ona. "Sikiliza. Ukitoka, wataulizia. Sema ulisaini ukiwa umeshapanda, na hawa wakang'oa baadaye. Saa ile ya asubuhi. Ni neno moja tu. Wao ni vibarua, watapata kwingine. Mimi na wewe tuna nyumba."

Gongagonga aliutazama uso ule. Ulikuwa uso uliomletea uji kitandani. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba hata nondo zikikatwa, mahali anapoingia hapana mlango wa kutokea.

"Leta kamba kwanza," alisema. "Mbili. Nene."

Kamba zilikuja na msumeno ukaja. Gongagonga hakukubali wakate kitu kabla jukwaa halijafungwa. Akiwa nje bado, aliwaelekeza: kamba ipite kwenye nguzo ya jukwaa, iingie kati ya nondo, izunguke nguzo ya zege ndani ya chumba. "Usivute! Ukivuta unalitingisha. Kaza tu pale lilipo. Hivyo. Sasa dirisha la pili." Sauti yake ilikuwa ya siku zote za kazi, ya kuudhi kidogo, na watu wakatii. Upepo ulipokuja tena kamba zililia, jukwaa likajaribu kuondoka, likashindwa.

Kisha wakakaa wakisikiliza msumeno. Nondo moja ilichukua muda wa kupika sufuria ya ugali. Mchomeleaji alikuwa akilaani mikono yake mwenyewe kwa kuzifunga vizuri mno. Zilikatwa tatu, zikakunjwa pembeni. Shangazi alitangulia, mabega yakapita, nyonga zikakwama, na hapo, nusu ndani nusu nje, akasema kwa hasira, "Mtu akicheka nitamkumbuka." Hakuna aliyecheka. Wakamvuta, akaanguka kwenye vigae vya wageni na ovaroli yake yenye saruji, akalala pale akitazama dari. Gongagonga alipita baada yake. Akakaa chini akiegemea ukuta. Mtu alimpa maji, akamwaga mengi kuliko aliyokunywa.

Wageni hawakuja Alhamisi. Mchana uleule mtu wa duka la ng'ambo ya barabara alikuwa ameshapiga simu, na saa nane alifika mkaguzi wa usalama wa serikali, mwanamke kijana mwenye kofia ngumu iliyochakaa, ambaye alilizunguka jengo mara mbili bila kusema neno, akachomoa kadi kutoka kwenye mfuko, akaingia nayo ofisini. Ofisi ilikuwa kontena lenye meza na feni. Shemeji alisimama dirishani, Shangazi mlangoni, lipu imemkaukia mashavuni.

"Vishikizo vilitolewa na mafundi lipu," alianza shemeji, "bila idhini ya..."

"Nitafika huko," alisema mkaguzi. Akaweka kadi mezani. "Saini hii ya nani?"

"Yangu," alisema Gongagonga.

"Ulipanda saa ngapi?"

Feni ilizunguka. Gongagonga alimfikiria mkewe, ambaye saa ile huwa anaanua nguo uani. Alifikiria vile vyumba viwili, na kitanda kilichopakiwa kwenye pikapu. Alihisi Shangazi amesimama mlangoni, na alijua hatasema kitu, anamsubiri yeye.

"Sikupanda. Kadi niliisaini nimesimama chini. Nilijua wavu umefungwa, na nilijua haitakiwi. Mafundi lipu walifanya walichoambiwa na walipanda kwa sababu ya jina langu."

"Waliambiwa na nani?"

Hapo alishindwa. Ni Shangazi aliyejibu, kwa kumnyooshea shemeji mwiko, maana alikuwa hajauweka chini tangu asubuhi.

Jengo lilifungwa wiki sita. Gongagonga alinyang'anywa haki ya kusaini kwa miaka miwili, na aliona ni halali yake. Shemeji alifukuzwa na mwenye jengo kabla hata ripoti haijaandikwa. Usiku ule hawakusemezana, wala kesho yake. Hakuna aliyewafukuza uani. Hilo lilikuwa baya kuliko kufukuzwa: sinia la watoto liliendelea kuwekwa, na shemeji alikaa kibarazani na fulana yake, akisema tu "karibuni" kila walipopita. Baada ya siku kumi mkewe Gongagonga alisema, "Mimi siwezi kupita hapo tena." Wakapata chumba kimoja mtaa wa mbali, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, wakahama mchana, watu wote wakiwa kazini.

Alirudi kubeba mabomba. Kwenye mjengo mpya hakuna aliyemjua, na alipoanza kuyagonga walimcheka kama wa mwanzo walivyomcheka. Mgongo ulimuuma. Asubuhi nyingine, akiwa amesimama chini ya ngazi akimwona mkaguzi wa pale akisaini upesiupesi, alijikuta ameng'ang'ania kipande cha bomba bila kukumbuka amekishika saa ngapi. Siku moja alimwambia yule mkaguzi, "Kaka, hujafika juu." Wakatazamana vibaya. Yule akapanda. Gongagonga hakupendwa pale, lakini hakufukuzwa.

Shangazi alionana naye mara moja tu, sokoni. Alimsalimia, akamuuliza habari za mgongo, akamwambia ukweli wake: "Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine bado naifikiria."

Dada yake alikuja mwezi wa nne tangu wahame. Alikuja peke yake, Jumamosi mchana, amebeba sufuria kubwa waliyoisahau uani. Alikaa ukingoni mwa kitanda kwa kuwa hapakuwa na kiti, akanywa chai, akauliza habari za shule za mabinti. Kisha mkewe Gongagonga akatoka nje na wasichana, akawaachia nafasi.

"Hajapata kazi," alisema dada. "Akitaja jina lake tu wanamwambia tutakuita. Anaamka saa kumi na moja, anavaa viatu, anakaa. Anataka kujua kila ninapokwenda. Leo nimemwambia naenda msibani."

"Dada, ningefanyaje?"

"Sikusema ufanye kingine. Yule mama ana watoto. Ulisema kweli, na mimi ningekuwa yeye ningekushukuru." Alikizungusha kikombe mikononi. "Lakini wewe ulikatiwa nondo, mdogo wangu. Ukatoka. Mimi niko naye mle ndani kila siku, na yeye ni mume wangu, na ni mtu mwema, wewe unajua ni mtu mwema."

"Najua."

Gongagonga akammiminia chai iliyobaki. Wakasikia wasichana wakibishana nje kuhusu zamu ya kuruka kamba. Dada akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasimama, akasema asichelewe kwa sababu msiba aliousema hauwezi kuwa mrefu hivyo, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko kilichokatika njiani. Gongagonga akamsindikiza hadi barabarani. Walisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, magari yakipita, mpaka dada alipomwambia rudi ndani, jua kali, kisha akavuka peke yake.